Nafasi Ndani ya Kozi

"Urudishe majini, Salumu. Sasa hivi, kabla jua halijaupasua."

"Siurudishi, shemeji."

"Nani amekupa ruhusa ya kuuibua?"

"Mama yangu. Nyonga yake imevunjika, na kule Kibiti moshi unapanda. Unataka ruhusa ya nani tena? Ya akida?"

Mwamvua alikuwa amesimama kwenye tope, kaniki imekazwa kiunoni. Mbele yake mtumbwi wa mumewe ulilazwa ubavu ukingoni, ukichuruzika maji meusi. Salumu, mdogo wa mumewe, alikuwa ameuibua peke yake kutoka majini chini ya mti wa mtomondo, na bado alikuwa akihema.

Ulikuwa mtumbwi wa mbio, na jina lake Kozi. Tangu mumewe Tamimu aondoke, Kozi alikuwa amezamishwa. Watu wa mtoni wanajua kwamba mtumbwi uliochongwa mwembamba hauvumilii jua. Ukikaa mkavu unapasuka kama ganda la njugu. Mwenyewe akisafiri, huujaza maji na matope, akaufunga kwenye kigingi kivulini, ukalala chini ya maji mpaka arudi. Mwaka huu kulikuwa na sababu ya pili ya kuzamisha. Askari wa Mdachi walikuwa wakikuta chombo ukingoni wanakichoma, kisije kikavusha watu wa vita.

"Tamimu alisema asipewe mtu," alisema Mwamvua.

"Mama ni mtu? Mama ni mama."

"Usinipindishie maneno. Mama atapanda Rehema. Tulishakubaliana na Bwana Huseni."

Huseni, jirani yao, alikuwa amekaa kwenye ukingo wa Rehema, mtumbwi wake, hatua chache pembeni, akitafuna kipande cha muwa. Alikuwa mtu mpana, na mtumbwi wake ulikuwa kama yeye. Kwa miaka mingi Rehema alikuwa amebeba mpunga wa kijiji kizima cha Mtomondoni.

"Mimi sikatai," alisema Huseni. "Rehema yupo. Lakini msinigombanishe naye, tumezeeka pamoja."

"Tazama," Mwamvua alimwambia Salumu, akauonyesha mtumbwi wa Huseni. "Humo ndani mbuzi anageuka bila kugusa ubavu. Mama atalala chali, anyooshe miguu, anyooshe na mikono akitaka. Tutamtandikia jamvi, juu yake mkeka, juu yake godoro la usufi. Hatikisiki huyu. Nimepanda Rehema na chungu cha uji miguuni, nikafika na uji wangu. Sasa mtazame Kozi. Nyonga za mtu zinabana huku na huku. Magoti yanafika kidevuni. Ukipiga chafya mnapinduka. Umwingize mama humo, na mfupa uliovunjika?"

"Kozi anafika Mbwera kabla jua halijatua. Rehema atafika lini?"

"Atafika."

"Lini, shemeji?"

 Mwamvua alichota maji kwa mikono, akayamwagia mbavu za Kozi zilizoanza kukauka. Akarudia tena. Salumu alimtazama akifanya hivyo, akageuza uso.

Kila mtu pale Mtomondoni alijua habari za Mwamvua na mtumbwi ule, ingawa hakuna aliyezisema mbele yake. Tamimu aliondoka kabla ya mwezi wa mfungo, pamoja na vijana wengine, kwenda Ngarambe kuchukua dawa ya maji. Walikuwa wamechoka na shamba la pamba la akida, na viboko vyake. Alibeba mkuki, na mtama kidogo kwenye mkoba. Wenzake wengine walirudi. Mrisho alirudi na jeraha la risasi begani, akasema dawa haikugeuza risasi kuwa maji, na kwamba Tamimu aliendelea mbele na Wamatumbi. Mwingine alisema alimwona akivuka mto upande wa juu, anachechemea. Mwingine alisema hakumwona kabisa. Mfungo ukapita, Idi ikapita bila ngoma, na Mwamvua akawa bado si mjane na si mwenye mume.

Kila maji yakipwa alikwenda chini ya mtomondo. Aliingia mpaka mapajani, akapapasa kwa unyayo: omo kwa mbele, kiti cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, tezi kwa nyuma. Akikuta vyote vipo alitulia. Siku nyingine aliketi kwenye kiti cha tatu, ndani ya mtumbwi uliozama, maji yakimfika kifuani, akakaa hivyo mpaka baridi imwondoe. Mama mkwe wake, Bi Mwanaharusi, alimwona akirudi na nguo mbichi, asimwulize.

"Sikilizeni," sauti ya Bi Mwanaharusi ilitoka nyuma yao. Alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba, pale pale ukingoni, chini ya dungu lao, kile kibanda cha miti mirefu ambamo familia hukaa kulinda mpunga na kukwepa mafuriko. Siku chache zilizopita alikuwa ameteleza kwenye ngazi yake. "Mnapigania kunipandisha, na hamjaniuliza mimi. Nijaribuni kote. Hata kiatu mtu hujaribu."

"Mama, wewe hujawahi kuvaa kiatu," alisema Salumu.

"Ndiyo maana miguu yangu haijawahi kubanwa. Nibebeni."

Walimbeba. Huseni alishika kichwani, Salumu miguuni, Mwamvua akaushikilia mguu ulioumia usining'inie. Wakamlaza ndani ya Rehema. Mwanamke mzee alifumba macho, akajinyoosha kidogo kidogo, kama mtu anayeingia kwenye maji asiyoyajua.

"Enhe," alisema. "Hapa ni nyumbani. Naweza kuolewa tena humu ndani."

Huseni alicheka mpaka muwa ukamtoka mdomoni.

"Maumivu?" aliuliza Mwamvua.

"Yapo, lakini yamekaa. Hayatembei."

"Umesikia?" Mwamvua alimgeukia Salumu. "Yamekaa."

"Nimesikia. Sasa Bwana Huseni, mwambie na yeye asikie. Mwambie habari ya Mlango."

Huseni aliacha kucheka. Aliufuta mdomo wake kwa kiganja, akautazama mto, kisha akautazama mwezi wa mchana uliokuwa umening'inia juu ya mikoko, umekatika nusu.

"Mama Mwantum," alimwambia Mwamvua, "mimi nilikubali tukidhani tutangoja bamvua. Si ndivyo tulivyosema? Mwezi ukijaa, maji yanapanda juu ya mizizi, na Rehema anapita juu kwa juu, anaogelea tu. Lakini leo maji ni mafu. Hayapandi. Pale Mlangoni mikoko imeachana upana wa kitu gani? Upana wa jamvi. Rehema ataingia kichwa, tumbo litakwama. Nitakuwa nimemzibia mlango kila anayekuja nyuma yangu."

"Tuzunguke kwa mto mkubwa."

"Mto mkubwa unapita mbele ya bandari ya akida. Askari wapo pale na bunduki. Na Rehema hakimbii, unamjua. Tutapita pale polepole, kama bibi harusi."

 Mlango ulikuwa mfereji mwembamba uliokata katikati ya mikoko kwenda Mbwera, ndani kabisa ya delta, mahali ambapo askari wenye viatu hawakuthubutu kuingia. Mwantum, binti yao Mwamvua na Tamimu, alikuwa ameshatangulizwa huko na dada yake Mwamvua. Kila aliyeweza kutembea au kukaa alikuwa amekwenda. Walibaki wao kwa sababu ya nyonga.

Salumu alinyoosha kidole kuelekea nyanda za juu. Asubuhi moshi ulikuwa mmoja, upande wa Kibiti. Sasa ilikuwa mitatu, na ule wa mwisho ulikuwa upande huu wa vilima.

"Wanateremka kwa kufuata mashamba," alisema. "Wanachoma ghala, halafu nyumba, halafu vyombo. Bamvua bado siku nyingi. Wao hawangoji mwezi."

Mwamvua aliutazama moshi. Alikuwa mwanamke asiyependa kuambiwa jambo mara mbili, na hili alikuwa ameambiwa mara moja, likatosha.

"Basi mjaribuni kwenye Kozi," alisema. "Mtaona wenyewe."

Walimwaga matope yaliyobaki, wakamsukuma Kozi majini. Akaelea. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwenyewe aondoke, na Mwamvua aliona jinsi mtumbwi ulivyokuwa hauna hamu ya kutulia. Ulikuwa ukivuta kamba, ukigeuza omo kuufuata mkondo. Tamimu alikuwa amemchonga mwenyewe kwa tezo, akikonda na gogo lile, mpaka mbavu zikawa nyembamba kama kidole gumba. Viti vinne havikupigiliwa. Alivichonga palepale ndani ya gogo, akaviacha vimeungana na mbavu huku na huku. Ndivyo mtumbwi wa mbio unavyochongwa: viti ndivyo vinavyozuia mbavu zisifunguke. Na kila kiti kinachongwa kwa nyonga ya mpiga kafi wake. Akikaa asiteleze kushoto wala kulia, nguvu yote iende kwenye maji.

Vipimo vya wanaume Tamimu alivichukua kwa kamba. Lakini kiti cha tatu, kile kilicho mbele ya nahodha, alikipima kwa njia nyingine. Alimwita Mwamvua ukingoni maji yalipopwa, akamwambia akae kwenye tope laini.

"Nikae?"

"Kaa. Usijitikise."

Alikaa. Aliposimama, tope lilibaki na alama yake, na Tamimu akainama pale akaipima kwa shibiri, kwa upana na kwa kina, huku wanaume wengine wakishika mbavu zao kwa kicheko. Waliuliza kama mashindano ya Idi yamekuwa ya wanawake. Waliuliza kama atampima na mama mkwe. Tamimu hakuinua kichwa. Alichonga kiti cha mkewe ndani ya mtumbwi wa mbio, kikiwa na bonde pana katikati, laini kuliko viti vyote vitatu.

Idi ilipofika, mwanamume aliyekaa pale aliteleza kushoto na kulia kama dengu kwenye ungo, na watu wa Mbwera wakawashinda. Wenzake walimjia Tamimu juu. "Tumeshindwa na makalio ya mkeo," walimwambia. Yeye akasema haidhuru, mbio zipo kila mwaka. Jioni ile alimpakia Mwamvua, wakaenda wawili tu mpaka karibu na mdomo wa mto na kurudi.  Mwamvua alikuwa amekaa kwenye kiti chake, hakibani na hakimwachi, na nyuma yake alisikia kafi likiingia na kutoka. "Umestarehe?" Tamimu alimwuliza mara moja. Akasema amestarehe. Hakuwahi kuulizwa swali hilo na mtu mwingine, kabla au baadaye.

"Shika kichwa," alisema Huseni. "Polepole."

Walimteremsha Bi Mwanaharusi ndani ya Kozi kwa kumkalisha. Hakufika hata nusu. Magoti yalipokunjwa alitoa sauti ambayo Mwamvua hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima, wakamwinua haraka, Kozi akayumba, maji yakaingia. Jasho lilimtoka mwanamke mzee kwenye paji la uso.

"Kukaa, hapana," alisema alipoweza kusema.

Wakajaribu kumlaza juu ya viti. Viti vilikuwa na kingo, na katikati ya kiti na kiti palikuwa na shimo; kimoja kilimpiga mgongoni, kingine kikaingia chini ya nyonga mbovu hasa. Hakupiga kelele safari hii. Aliuma tu ncha ya mtandio wake, na Mwamvua akasema, "Mtoeni."

"Nina akili nyingine," alisema Salumu. Alikwenda akang'oa mlango wa dungu, akaulaza juu ya mbavu za Kozi, ukakaa kama meza. "Alale juu. Tambarare."

"Jaribu mwenyewe kwanza," alisema Mwamvua.

Salumu alipanda, akalala chali juu ya mlango, mikono kifuani. Kozi alifikiri kidogo, kisha akamgeuza. Salumu alitoka kwenye maji akitema matope.

"Ule ulikuwa mtihani wa mtumbwi au wa maiti?" aliuliza mama yake.

"Mama, nyamaza."

"Nanyamaza. Lakini mzigo unakaa chini, mwanangu. Hata mtoto anayecheza na kifuu anajua."

Huseni aliuvuta mlango kutoka majini. Walisimama wote, wakautazama ule utumbo mrefu wa Kozi. Urefu ulikuwapo, wa mtu na nusu. Upana ulikuwapo kwa mwanamke mwembamba. Sakafu yake ilikuwa laini, Tamimu hakuacha hata kovu la tezo. Nafasi yote aliyohitaji mgonjwa ilikuwa pale ndani, na imekatwa katikati na viti viwili, cha pili na cha tatu.

Kila mmoja alikiona kitu kilekile, na kila mmoja alitazama pengine. Salumu alikamua shuka yake. Huseni akatafuta muwa wake.

Bi Mwanaharusi ndiye aliyesema, ingawa alisema jambo lingine.

"Niacheni mimi. Nyinyi mnakaa vizuri humo. Nendeni. Askari watafanya nini na kikongwe? Watachoma dungu, wataondoka. Na Tamimu akija, atamkuta mtu."

"Dungu likichomwa utakuwa umelala wapi, mama?" aliuliza Mwamvua.

"Chini ya mtomondo. Nitamngoja hapo."

"Kumngoja ni kazi yangu."

"Ni yako. Lakini mimi nilianza kabla yako. Nilimngoja miezi tisa wewe hujulikani." Mwanamke mzee alisema hivyo bila ukali. Mkono wake ulikuwa umeshika mguu wa kitanda. "Mwanangu, mimi najua unapokwenda maji yakipwa. Usidhani sijui. Ningekuwa na miguu, ningekwenda nikaketi kiti cha nne."

 Mwamvua alitazama mtomondo, kigingi kilichobaki peke yake na kamba iliyolegea. Aliwaza Tamimu akija kutoka upande wa juu, anachechemea kama yule mtu alivyosema, kijiji kimeungua, hakuna mtu wa kumwuliza. Angekwenda wapi kwanza? Asingekwenda kwenye dungu. Angekuja hapa, aingie majini mpaka mapajani, apapase kwa unyayo. Na mguu wake ungekuta tope tupu. Hilo ndilo lililokuwa likimwamsha usingizini miezi yote hii. Hofu yake haikuwa kwamba askari watamchoma Kozi. Alichoogopa ni unyayo wa mumewe ukitafuta chini ya maji na kukosa.

"Bwana Huseni," alisema. "Ukivikata viti, mtumbwi unafika Mbwera?"

Huseni alikuna kidevu. "Viti viwili? Mbavu zake nyembamba mno. Zitaanza kufunguka. Kwenda utakwenda. Mbio, tena basi. Huyu hatakimbia tena maisha yake, na hakuna fundi wa kuvirudisha. Kiti cha kuchongwa hakirudi kwenye gogo."

"Sikuuliza kama atakimbia. Nimeuliza kama atafika."

"Atafika."

"Shemeji," alisema Salumu. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mimi nilitaka tumtumie tu. Sikutaka tumvunje. Kaka akirudi atasema nini?"

"Atasema alimwacha mama yake na mtumbwi, akamkuta mama yake. Asiporidhika anitafute mimi." Alikuwa ameshaanza kupanda ngazi ya dungu.

Ndani, tezo la Tamimu lilikuwa limeviringishwa kwenye kitambaa chenye mafuta, limechomekwa kwenye makuti. Alilifungua. Mpini ulikuwa na weusi pale mkono wa mumewe uliposhika miaka yote. Alitia mkono wake palepale, akashuka.

"Nipe mimi nikate," alisema Salumu.

"Wewe shika mtumbwi usiyumbe. Bwana Huseni, shika upande ule."

Aliingia majini, akaegemea ubavu wa Kozi, akaanza na kiti cha tatu.

"Hicho ni chako," alisema Bi Mwanaharusi kutoka kitandani.

"Najua."

Mti uliokaa majini miezi mingi ni mgumu nje na unalia ukikatwa. Pigo la kwanza liliruka. La pili likauma. Alikata karibu na ubavu, kidogo kidogo, asije akatoboa ubavu wenyewe. Tamimu alikuwa amemfundisha hilo bila kukusudia, alipokuwa akikaa kumtazama akichonga. Vipande vyekundu vilielea, vikachukuliwa na mkondo. Upande mmoja ulipoachia, Kozi alitoa mlio mfupi. Salumu alifumba macho. Mwamvua alikata upande wa pili, na kiti kikamwangukia mikononi kizima, na bonde lake katikati.

Alikiweka kwenye tope. Akakata cha pili kwa haraka zaidi, akipiga bila kungoja, na kile hakukitunza. Kilikatika vipande, akavitupa.

Huseni alisukuma mbavu kwa kiganja. Zilicheza kidogo. "Zitavumilia," alisema.

"Leteni jamvi."

Walitandika jamvi na mkeka kwenye sakafu ya Kozi, na godoro la usufi wakalikunja mara mbili kwa ajili ya nyonga. Wakamteremsha Bi Mwanaharusi. Aliingia kama aliyechongewa, mabega yakigusa mbavu kidogo tu huku na huku. Alinyoosha mguu mzima, kisha ule mwingine, polepole. 

"Pamebana," alisema. "Lakini pamebana vizuri. Hata nikitaka kugeuka siwezi, na kugeuka ndiko kunakoniua. Kwa Rehema ningeviringika kama nazi."

"Maumivu?"

"Yamelala. Msiyaamshe."

"Basi umemshinda Rehema," alisema Huseni, na alisema kwa uchungu kidogo. Alikwenda akaanza kumjaza mtumbwi wake maji na matope. Yeye angepita kwa miguu kwenye mikoko, mtu mmoja asiye na mgonjwa, akifuata njia ya wakata boriti. "Tutaonana Mbwera, Mama Mwantum. Mkifika kabla yangu niwekeeni uji."

Salumu alipanda kiti cha nyuma, akashika kafi. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Kilichongwa kwa nyonga ya mwanamume mwembamba, na Mwamvua alijua kitamuumiza njia nzima.

"Panda, shemeji. Maji yanapwa."

"Ngoja."

Aliokota kiti chake kwenye tope. Akaenda nacho chini ya mtomondo, akaingia majini mpaka mapajani. Ile kamba ya usumba ilikuwa bado kwenye kigingi. Aliizungusha kwenye kiti mara kadhaa, akakaza fundo lilelile ambalo Tamimu alikuwa akilifunga, akakisukuma chini ya mzizi, mahali palepale kilipokuwa kikilala ndani ya Kozi. Akakigandamiza kwa tope na mawe mpaka kikatulia. Juu hakikuonekana kitu. Askari angeweza kunywesha punda pale asione chochote. Lakini mtu akiingia na kupapasa kwa unyayo angekuta lile bonde, na mtu huyo ni mmoja tu duniani aliyelipima kwa shibiri.

Alipapasa mwenyewe mara moja, kuhakikisha. Kipo.

Kisha akatoka majini, akaingia ndani ya Kozi, akajibana kwenye kiti cha mbele na kushika kafi.

"Twende," alisema, na akapiga kafi la kwanza kabla Salumu hajajibu.